Wenye Torati walisita kuua, sisi tuna haraka gani?

Kila mauaji ya kinyama yakitangazwa, fungua simu usome maoni ya watu. Hutafikisha kumi kabla ya kukutana na neno "anyongwe". Shuka kidogo utampata aliyekuja na Biblia mkononi: jicho kwa jicho, damu kwa damu, Mungu mwenyewe alisema, mjadala umekwisha. Ukithubutu kuuliza kama mshukiwa amefikishwa kortini, utaambiwa unatetea wauaji. Au utaulizwa: je, angekuwa dadako?

Hasira hiyo naielewa. Mtoto akiuawa halafu wewe usikasirike, basi kuna kitu kimekufa ndani yako. Ninachogombana nacho ni namna tunavyoitumia ile aya. Tunaichomoa kwenye Torati, tunaibandika chini ya picha ya mshukiwa, kisha tunaendelea na mambo yetu. Hatujiulizi swali rahisi: Wayahudi wenyewe, waliopewa Torati kabla yetu na ambao wameisoma herufi kwa herufi kwa zaidi ya miaka elfu mbili, waliifanyia nini? Walikuwa wakiua watu kila wiki?

Jibu litawashangaza wengi. Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, waliirithi sheria iliyojaa adhabu ya kifo. Hawakufuta aya hata moja. Walichofanya ni kuizungushia masharti, moja baada ya jingine, mpaka ikawa vigumu mno kwa mahakama kumuua mtu yeyote. Nimeisoma habari hii kwa muda sasa, na naamini sisi vijana wa Kenya, tunaotoa hukumu kwa kidole gumba kabla hata ya maiti kuzikwa, tuna jambo la kujifunza hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu Torati yenyewe. Haina haya kuhusu kifo. Soma Kutoka, Mambo ya Walawi na Kumbukumbu la Torati: muuaji auawe, mteka nyara auawe, anayempiga baba au mama auawe, mzinzi auawe, anayefanya kazi siku ya Sabato auawe. Mtu akisema kwamba adhabu ya kifo imo kwenye Biblia, hajadanganya.

Mwaka 70 Warumi walilibomoa Hekalu la Yerusalemu. Makuhani wakakosa madhabahu, na uongozi wa watu ukabaki mikononi mwa walimu. Walimu hao walikuwa na hazina kubwa ya mafundisho ya mdomo kuhusu namna sheria inavyotekelezwa. Karibu na mwaka 200 mafundisho hayo yakapangwa pamoja chini ya Rabi Yehuda, aliyeitwa Mkuu, na mkusanyiko huo ukaitwa Mishna. Vizazi vilivyofuata, huko Galilaya na Babeli, vikaijadili Mishna mstari kwa mstari, na mijadala hiyo ikazaa Talmudi. Humo ndimo tunamoipata korti inayoogopa kuua.

Kuna kifungu kimoja cha Mishna, katika sehemu iitwayo Makkot, ambacho kila anayeongelea habari hii hukitaja. Kinasema kwamba baraza la Sanhedrini likiua mtu mmoja katika miaka saba, linastahili kuitwa baraza la maangamizi. Rabi Eleazar ben Azariah akaona miaka saba ni michache: kwake yeye, hata mmoja katika miaka sabini anatosha kulipa baraza jina hilo. Rabi Tarfon na Rabi Akiva wakaenda mbali zaidi. Walisema kwamba lau wangekuwa wajumbe wa Sanhedrini, hakuna mtu ambaye angeuawa kamwe. Kisha akasimama Rabban Shimon ben Gamliel na kuwapinga: wenye msimamo huo, alisema, wangewaongeza wamwagaji damu katika Israeli.

Mweke Shimon huyo akilini, tutarudi kwake. Tuone kwanza jinsi masharti yalivyofanya kazi.

Tuanze na mashahidi. Torati inataka wawe wawili au zaidi. Marabi wakasisitiza kwamba lazima wawe wameliona tendo lenyewe kwa macho yao. Uvumi haukubaliki. Kukisia kutokana na mazingira hakukubaliki. Wanatoa mfano mkali: umemwona mtu akimkimbiza mwenzake hadi ndani ya gofu, umeingia mbio, umemkuta ameshika upanga unaotiririka damu na yule mwingine anagaagaa akikata roho. Kila mtu mwenye akili anajua kilichotokea. Bado wewe si shahidi, kwa sababu hukuona upanga ukiingia mwilini. Talmudi inasimulia kwamba jambo hili lilimpata Shimon ben Shetach, kiongozi mkubwa wa zamani. Alimwambia muuaji usoni kwamba anajua ni yeye, lakini mikono yake imefungwa na sheria ya mashahidi wawili, basi Mwenye kujua siri za mioyo na amlipize. Simulizi inasema nyoka alitokea akamuuma yule muuaji, akafa.

Mashahidi waliojitokeza walitenganishwa na kuhojiwa mmoja mmoja. Yalikuwapo maswali saba ya lazima kuhusu wakati na mahali: mzunguko gani wa miaka saba, mwaka gani, mwezi gani, tarehe ngapi, siku gani ya wiki, saa ngapi, wapi. Baada ya hapo majaji waliruhusiwa kuchimba walivyotaka. Ben Zakkai anakumbukwa kwa kuwauliza mashahidi kuhusu vikonyo vya tini za mti ambao mauaji yalifanyika chini yake. Wakipingana, kesi imeanguka. Na shahidi aliyepikwa akigunduliwa kwamba walipanga uongo, adhabu waliyotaka impate mshtakiwa iliwageukia wao.

Kabla hata ya kuhojiwa walitishwa. Mishna inaeleza hotuba waliyopewa. Waliambiwa kwamba kesi ya roho si kama kesi ya pesa. Kwenye pesa, ukikosea unalipa, yamekwisha. Kwenye roho, damu ya aliyeuawa kwa makosa inakuandama, pamoja na damu ya watoto na wajukuu ambao angewazaa mpaka mwisho wa dunia. Walikumbushwa Kaini na Habili, kwamba katika Kiebrania neno damu pale limeandikwa kwa wingi. Waliambiwa kwamba Mungu alimuumba Adamu peke yake ili tujifunze kuwa anayeangamiza nafsi moja ni kana kwamba ameangamiza ulimwengu mzima, na anayeiokoa moja ni kana kwamba ameuokoa ulimwengu mzima. Ndugu zetu Waislamu wanalijua fundisho hili: Kurani, katika sura ya Al-Maida aya ya 32, inalitaja kuwa jambo waliloandikiwa Wana wa Israeli.

Halafu hotuba inaleta mfano wa sarafu. Binadamu akitumia muhuri mmoja kutengeneza sarafu mia, zote hufanana. Mungu alitumia muhuri mmoja, ule wa Adamu, na hakuna mtu hata mmoja anayefanana kabisa na mwenzake. Wewe shahidi unataka kuiharibu sarafu ambayo haitatengenezwa tena. Una hakika?

Sharti linalofuata ndilo linalowachekesha watu. Haikutosha kwamba muuaji alionekana. Ilibidi awe ameonywa muda mfupi kabla ya tendo kwamba analotaka kufanya ni kosa na adhabu yake ni kifo. Na ilibidi naye ajibu kwamba anajua na anafanya hivyo hivyo. Sasa niambie, ni muuaji gani anayesimama na kisu mkononi akijibu somo la sheria?

Na akikiri mwenyewe je? Hapa ndipo nilipovutiwa zaidi. Kukiri hakukukubaliwa. Mtu hawezi kujigeuza mwovu kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya korti ya kesi za roho. Maimonides, mwanasheria na tabibu aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufia Misri mwaka 1204, alipoliandika tena sharti hili alitoa sababu ambayo daktari wa akili wa leo angeielewa: pengine anayekiri amechanganyikiwa. Pengine ni miongoni mwa wale waliochoka kuishi, wanaojichoma kwa upanga au kujirusha kutoka juu ya paa, na sasa anaitafuta korti imuulie nafsi yake. Sisi tunaweza kuongeza sababu yetu, maana hakuna Mkenya asiyejua kwamba mtu akipigwa vya kutosha atakiri chochote.

Tuingie kwa majaji. Kesi ya roho ilihitaji majaji 23, wakati kesi ya pesa ilitosheka na watatu. Mjadala ulianza kwa hoja za kumtetea mshtakiwa. Majaji wadogo walisema kwanza, ili wasije wakamfuata mkubwa kwa woga au kwa heshima. Hata wanafunzi waliokaa mbele yao kusikiliza waliruhusiwa kupanda kusema neno la utetezi, ila wa kuleta neno la kushtaki hakuruhusiwa. Kura moja ya ziada ilitosha kumwachilia mtu. Kumtia hatiani kulihitaji ziada ya kura mbili angalau.

Wakimwona hana hatia, aliachiliwa siku hiyo hiyo. Wakielekea kumwona ana hatia, hawakuruhusiwa kukata shauri mpaka kesho yake. Walikwenda nyumbani wawili wawili, wakala kidogo, hawakugusa divai, wakaijadili kesi usiku kucha. Asubuhi aliyetaka hukumu angeweza kubadili nia na kutetea. Aliyetetea hakuruhusiwa kubadili nia na kutaka hukumu. Kwa sababu ya usiku huo wa kusubiri, kesi ya roho haikuanzishwa mkesha wa Sabato wala mkesha wa sikukuu.

Sasa sikiza hili vizuri. Talmudi inaleta fundisho la Rav Kahana kwamba majaji wote wakikubaliana kwa pamoja, bila hata mmoja kupinga, kwamba mtu huyu ana hatia, anaachiliwa. Ukilisikia mara ya kwanza unadhani mtu amekosea kunakili. Lakini Talmudi ina sababu yake. Usiku wa kusubiri uliwekwa ili watu watafute neno la kumwokoa mshtakiwa. Baraza ambalo ndani yake hakuna hata mmoja anayelitafuta neno hilo, usiku huo hautakuwa na faida kwake. Mtu amehukumiwa bila kuwa na mtetezi hata mmoja ndani ya chumba.

Lifikirie hilo ukiwa na simu mkononi. Mtandao mzima unapokubaliana kuhusu mtu fulani, sisi huhesabu kwamba huo ndio uthibitisho: watu elfu hamsini hawawezi kukosea. Marabi waliliona kwa njia nyingine. Kwao, pale ambapo hakuna anayeuliza swali ndipo pa kuogopa.

Tuseme basi vikwazo vyote vimerukwa na mtu amehukumiwa. Mishna inaeleza safari ya kwenda mahali pa kuuawa. Mtu mmoja alisimama mlangoni pa korti akiwa ameshika kitambaa. Mbali kidogo, mahali anapoweza kumwona, alikaa mpanda farasi. Akitokea yeyote korti na kusema ana hoja ya kumtetea, kitambaa kilipungwa na farasi akatimuliwa mbio kuuzuia msafara. Hata mshtakiwa mwenyewe akisema amekumbuka jambo la kujitetea, alirudishwa, mara nne au tano, mradi maneno yake yana maana. Mbele ya msafara alitembea mpiga mbiu akitangaza jina lake, kosa lake na majina ya mashahidi, na kumwomba yeyote anayejua neno la kumwokoa ajitokeze aseme.

Kwa aya nyingine walifanya kazi ya aina tofauti kidogo. Vijana, hii ilituhusu sisi moja kwa moja: Kumbukumbu la Torati 21 inaamuru mwana mkaidi, mlafi na mlevi apelekwe na wazazi wake kwa wazee apigwe mawe. Marabi wakaisoma kwa darubini. Baba na mama lazima wote wakubali. Asiwepo miongoni mwao kiwete, kipofu, kiziwi, bubu wala mkono mmoja. Umri wa kushtakiwa wakaubana ukawa dirisha la miezi mitatu tu. Rabi Yehuda akaongeza kwamba wazazi hao lazima wafanane kwa sauti, sura na kimo. Mwishowe Talmudi inaleta kauli kwamba mwana kama huyo hajawahi kuwepo na hatakuwepo, na aya iliandikwa ili watu waisome na kupata thawabu. Rabi Yonatan alibisha, akasema alimwona mmoja na aliketi juu ya kaburi lake. Kubisha kwake kumehifadhiwa pia.

Na ile "jicho kwa jicho" tunayoipenda? Marabi waliamua kwamba maana yake ni fidia. Aliyemtoboa mwenzake jicho hulipa mambo matano: hasara ya kiungo, maumivu, matibabu, siku za kazi alizopoteza, na aibu. Kwa hivyo ukiwatupia watu aya hiyo kama hoja ya kumng'oa mtu jicho au roho, ujue walioitunza hawakuitumia hivyo.

Hebu turudi kwa Akiva na Tarfon. Wangewezaje kuhakikisha kwamba hakuna anayeuawa? Talmudi inauliza swali hilo hilo na kujibu: wangewauliza mashahidi kama wanajua kuwa aliyeuawa alikuwa mzima, au tayari alikuwa na ugonjwa ndani ya mwili ambao ungemuua. Na wakijibu kwamba maiti ilikaguliwa ikaonekana nzima? Rav Ashi anaongeza: pengine palikuwa na tundu mahali pale pale upanga ulipopita.

Unacheka? Hata mimi. Ni swali la kipumbavu kwa makusudi. Limewekwa pale ili kuonyesha kwamba hakika kamili, ile ya asilimia mia ambayo peke yake ingetosha kwa adhabu isiyorudishwa nyuma, binadamu hana. Unaweza kuisogelea sana. Kila wakati kutabaki nafasi ndogo, saizi ya tundu la upanga.

Sasa wacha niseme upande wa pili, maana kuna wasomaji ambao wameshaanza kunung'unika. Ni kweli kwamba marabi wa Mishna waliandika mengi ya haya wakati hawana mamlaka ya kuua mtu. Waliokuwa na upanga ni Warumi. Talmudi yenyewe ina simulizi kwamba Sanhedrini iliacha kusikiliza kesi za roho miaka arobaini kabla ya Hekalu kubomolewa. Mtu anaweza kusema kwamba ni rahisi kuwa mpole ukiwa huna upanga.

Ni kweli pia kwamba waliacha milango ya nyuma. Waliruhusu korti kuadhibu nje ya utaratibu wakati wa hatari. Mfalme alipewa uwezo mpana zaidi. Muuaji ambaye mashahidi hawakutimia aliweza kufungiwa katika chumba chembamba na kulishwa mkate haba na maji haba, na maelezo ya Talmudi hayaonyeshi kwamba alitarajiwa kutoka hai. Hata yule Shimon ben Shetach wa gofu, Mishna inasema aliwahi kutundika wanawake 80 kule Ashkelon kwa siku moja. Atakayekuambia kwamba marabi wote walipinga adhabu ya kifo kabisa anakudanganya.

Lakini wale Warumi wenye upanga, marabi waliwajua kwa karibu. Baada ya uasi dhidi ya Roma ulioanza mwaka 132 na kuzimwa mwaka 135, mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba Rabi Akiva mwenyewe aliuawa na Warumi kwa mateso makali. Waliohifadhi kauli ya Akiva kwamba hakuna mtu ambaye angeuawa walikuwa wakijua serikali inayoua kwa urahisi inafananaje. Upole wao haukutokana na ujinga wa mambo ya dunia.

Na Rabban Shimon ben Gamliel? Neno la mwisho katika kile kifungu ni lake. Waliopanga Mishna hawakumnyamazisha ili Akiva aonekane shujaa. Alisema jambo zito: ukimhurumia muuaji kupita kiasi, atakayelipa ni mtu mwingine asiye na hatia, ambaye bado hajauawa. Mama aliyempoteza mwanawe ana haki ya kusimama upande wa Shimon, na mimi sina ujasiri wa kumwambia anyamaze.

Jibu langu kwa Shimon ni hili. Kinachomtia hofu muuaji ni uhakika wa kukamatwa, na uhakika huo ndio unaokosekana. Muuaji wa Kenya hajipi moyo kwa kufikiria kwamba atafungwa maisha badala ya kunyongwa. Anajipa moyo kwa kufikiria kwamba faili itapotea, shahidi ataogopa, kesi itaahirishwa mpaka watu wasahau. Ongeza kitanzi juu ya uchunguzi mbovu na hujamzuia huyo. Umeongeza tu uwezekano wa kumnyonga jirani yake aliyekamatwa badala yake.

Dola ya Israeli ilijifunza jambo hili mapema na kwa uchungu. Juni 1948, katikati ya vita, afisa wa jeshi aitwaye Meir Tobianski alishukiwa kuwapa adui siri. Alihukumiwa haraka haraka na kupigwa risasi siku hiyo hiyo. Hakuna usiku wa kusubiri, hakuna mpanda farasi. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba hakuwa msaliti, akazikwa upya kwa heshima za kijeshi. Heshima hizo hazikumrudishia mkewe mume.

Mwaka 1954 bunge la Israeli liliondoa adhabu ya kifo kwa mauaji ya kawaida, ingawa iliachwa kwa uhalifu wa Wanazi na makosa machache mengine. Baada ya Tobianski, aliyenyongwa kwa amri ya mahakama ni mmoja: Adolf Eichmann, mmoja wa waratibu wakuu wa mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler, mwaka 1962. Kisha ikaja kesi ya John Demjanjuk, fundi wa kiwanda cha magari aliyeletwa kutoka Marekani. Manusura wa kambi ya Treblinka walisimama kortini mmoja baada ya mwingine wakamtambua kuwa mlinzi katili waliyemwita Ivan wa Kutisha. Nani angethubutu kuwabishia? Mwaka 1988 alihukumiwa kifo. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Israeli ikabatilisha hukumu hiyo, baada ya nyaraka kutoka Muungano wa Sovieti kuonyesha kwamba Ivan wa Kutisha huenda alikuwa mtu mwingine.

Demjanjuk hakuwa malaika. Mwaka 2011 mahakama ya Ujerumani ilimpata na hatia ya kusaidia mauaji katika kambi nyingine, Sobibor, na alifariki mwaka 2012 rufaa yake ikiwa haijaamuliwa. Lakini kwa kosa lile alilohukumiwa kunyongwa Israeli, mashahidi wema, waliolia machozi ya kweli, hawakutosha. Ukilisoma hilo unaelewa kwa nini Ben Zakkai aliuliza habari za vikonyo vya tini.

Mjadala haujaisha huko pia. Miaka ya karibuni wanasiasa wa Israeli wameshinikiza sheria ya kuwaua wanaopatikana na hatia ya ugaidi, na wengine wao wanavaa kofia ya dini. Urithi wa Akiva haujilindi wenyewe. Lazima kila kizazi kiuchague.

Na sisi? Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, waliponyongwa waliopatikana na hatia ya jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aligeuza hukumu za zaidi ya wafungwa 4,000 kutoka kifo hadi kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wafungwa 2,747. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila mauaji ni kinyume cha Katiba. Bado adhabu yenyewe imo vitabuni, na watu wanaendelea kuhukumiwa kifo ambacho hakitekelezwi. Mimi naona bunge lingeifuta tu, lakini hilo ni la wabunge.

La kwetu liko karibu zaidi. Kitanzi cha Kamiti kimekaa miaka yote hiyo bila kutumika, ilhali tairi na petroli vinatumika mitaani. Mtu anaitiwa mwizi, umati unajaa, na ndani ya dakika chache roho imetoka. Hapo hakuna shahidi aliyetenganishwa na mwenzake, hakuna aliyeulizwa ni saa ngapi na wapi, na wote wamekubaliana kwa pamoja. Kwenye mtandao tunafanya zoezi la jambo hilo hilo kila wiki, na aya juu yake.

Basi siku nyingine picha ya mshukiwa ikikufikia, na hasira ikupande kama inavyotupanda wote, jiulize maswali machache kabla ya kuandika. Nilikuwepo? Anayesema aliona, aliona nini hasa, na saa ngapi? Kuna yeyote aliyetafuta neno la kumtetea huyu mtu, au sote tunasema kitu kimoja? Ukikosa majibu, andika kwamba uchunguzi ufanywe haraka, mashahidi walindwe na familia ya marehemu isiachwe peke yake. Hayo yanamsaidia mama aliyefiwa kuliko neno "anyongwe". Na kama una neno linaloweza kumwokoa asiye na hatia, usiogope matusi, lipunge kitambaa.